Yule bwana wa kofia Mungu anakuona! Mimi na BABA MKWE kitanda kimoja, Shinjuku??

Njiapanda (mleta uzi)

Wakuu, sijalala na sitalala. Huku ni saa nane usiku, huko kwenu najua ndiyo mnakaa mezani kula. Naandika nimesimama nje ya kiduka cha saa 24 hapa Kabukicho, mtaa wa starehe wa Shinjuku, Tokyo. Simu ina chaji asilimia kumi na mbili, hasira ina chaji mia.

Kuna mtu humu. Simtaji. Mnamjua. Kila aliyewahi kutafuta gari Japani anamjua. Yule wa kofia nyeupe, anayefungua kila video na "ndugu zangu watafutaji". Anakutafutia hoteli, anakupa maneno matamu, ukishatuma hela anakuwa "nipo kwenye kikao".

Huyu mtu nilimwambia kwa Kiswahili cha chekechea: nakuja na baba mkwe. Narudia. BABA MKWE. Aliyemzaa mke wangu. Mzee wa kanisa, mtu mzima, mtu wa kilo zake, tumekuja kwenye mnada wa Noda kumtafutia gari la biashara. Nikamwambia nataka vyumba viwili. Vikikosekana, kimoja chenye VITANDA VIWILI. Karibu na stesheni ya Shinjuku, pametulia, mzee hapendi kelele. Akajibu: "Umefika bosi. Dakika tano kutoka Shinjuku, chumba cha watu wawili, pametulia mno."

Pametulia mno! Tumeshuka Shinjuku jioni na mabegi. Kwa asiyeijua, hiyo stesheni inapitisha watu zaidi ya milioni tatu kwa siku, imo mpaka kwenye rekodi za Guinness, na milango ya kutokea inazidi 200. Mia mbili wakuu. Ukitokea mlango usio wako umeshahama wilaya. Tumezunguka mpaka mzee akakaa juu ya begi. Kumbe zile dakika tano zinahesabiwa kutoka Higashi-Shinjuku, stesheni nyingine kabisa, ya treni za chini ya ardhi! Kwa saa ya huyu bwana hata Kibaha ni dakika tano kutoka Kariakoo.

Tukaingia mtaa wenyewe. Kuna malori ya matangazo yanapita na muziki mpaka fulana inatetemeka kifuani. Kuna spika za barabarani zinaonya watu wasiwafuate vijana wanaovuta wateja, na chini ya spika hizohizo wamesimama vijana wanavuta wateja. Mmoja akamwonyesha baba mkwe wangu picha za mabinti. Baba mkwe wangu! Jengo la jirani lina bango linalowaka, limeandikwa bei ya kupumzika na bei ya kulala. Mzee akavaa miwani, akasoma, akaniuliza: "Mwanangu, mtu analipia kupumzika ili iweje?" Nikasema sijui baba. Mungu anisamehe.

Sasa chumba. Ukifungua mlango unagonga kitanda. KITANDA. Kimoja. Sentimita 120. Ukitaka kufungua begi, mwenzako atoke akasubiri kwenye korido. Bafu ukikaa chooni goti moja limo kwenye sinki.

Nikampigia. Nikaweka spika ili mzee asikie mtu akiomba radhi. Nikasema kaka, kitanda ni kimoja, nipo na mkwe wangu. Akacheka. Halafu akasema:

"Kwani tatizo nini bosi? Si mlale mzungu wa nne!"

MZUNGU WA NNE. Kwenye spika. Mzee kasimama hatua moja kutoka kwangu, na ndani ya kile chumba hatua mbili hazipo. Miguu yangu kwenye uso wa mtu aliyenipa mke! Miguu YAKE kwenye uso wangu! Mzee hakusema kitu. Akavua miwani, akaipangusa na tai, akairudisha usoni, akaniuliza polepole: "Huyo ndiye rafiki yako?"

Sina hamu ya kuishi. Kijana wa mapokezi ameinama mara ngapi sijui, anasema wamejaa, ni Jumamosi, ni msimu wa maua ya sakura, na ukivunja usiku huuhuu hela yote imeenda. Simlaumu, ana adabu zake. Mzee kagoma kulala, kakaa kule chini karibu na mashine ya vinywaji, koti mwilini, begi mapajani, kama anasubiri basi la alfajiri. Mimi nimeshindwa kumtazama usoni.

Mzungu wa nne. Jamani.

Bi Mkora
Nimesoma nimelia. Swali moja tu: mzee alichagua upande wa ukutani au wa mlangoni?

Kitasa
Chai hii. Uzi wa hoteli bila picha ya kitanda.

Njiapanda
Kitasa nipige picha ya kitanda ya nini, unataka kulala wewe? Njoo! Kipo wazi!

Mzigo wa Bandari
"Nipo kwenye kikao" hahahaha huyo ndiye yeye kabisa. Mimi alinipokea uwanja wa ndege wa Narita kwa sauti ya WhatsApp. Nimekaa uwanjani na makaratasi yangu, ananitumia sauti: "ndugu yangu mtafutaji, panda treni."

Mama Ntilie wa Saitama
Pole mleta uzi. Naishi huku miaka mingi, nikueleze ili wengine wasiumie. Hicho mlichopewa kinaitwa semi-dabo. Kitanda ni hizohizo sentimita 120, na wao wanakiuza kwa watu wawili bila wasiwasi. Vyumba vya bei ya kati Shinjuku vingi ni mita za mraba 11 mpaka 13, bafu humohumo. Mtu na mkwe wake anatafuta chumba kilichoandikwa twini, yaani vitanda viwili. Halafu wanatoza kwa kichwa, siyo kwa chumba, kwa hiyo hata hicho kitanda mmelipia watu wawili kamili. Na angalia dakika zinahesabiwa kutoka stesheni ipi: Seibu-Shinjuku, Nishi-Shinjuku, Higashi-Shinjuku, Shinjuku-sanchome, zote zina hilo jina na hazipo mahali pamoja. Ukitaka utulivu unakaa upande wa magharibi, kwenye maghorofa ya ofisi karibu na jengo la serikali ya jiji. Usiku kule pamekufa.

Njiapanda
Asante dada. Kwa hiyo ALIJUA. Anaishi huku, anajua sentimita 120, akamlipisha mzee wa watu kichwa kizima, halafu akasema mzungu wa nne. Kwenye spika!

Bi Mkora
Nani aliweka spika?

Njiapanda
Bi Mkora nakuheshimu.

Dalali Mstaafu
Mnada uko Noda, mkoa wa Chiba. Shinjuku mlifuata nini? Mtu wa mnadani analala Kashiwa au Ueno. Kutoka Ueno mpaka Kashiwa kwa treni ya Joban ni kama nusu saa, unaunganisha treni ya Tobu kwenda Noda. Na kutoka Narita mpaka Ueno treni ya haraka haifiki hata saa nzima. Mmepita hoteli nzuri mkaenda kutafuta taa.

Njiapanda
Mzee Dalali, nilimwambia Noda! Ndiye aliyesema "bosi, Japani bila Shinjuku hujafika"! Mimi nina ushahidi wa meseji, nina sauti, nina kila kitu.

Mtoto wa Kofia
Acheni kumchafua mtu. Mimi alinipangia Ikebukuro, chumba safi, na stesheni naiona dirishani. Wabongo mkipewa huduma mnataka na kubebwa mgongoni. Umempa elfu mbili tu ya usumbufu, ndiyo akununulie na kitanda?

Mzigo wa Bandari
Wewe ni yeye. Vua kofia tukuone.

Kitasa
Huyu kajiunga jana hahahaha. Kofia karibu mkuu, mzungu wa nne hajambo?

Mtoto wa Kofia
Mimi siyo yeye. Na kulala mzungu wa nne ni kawaida, tumelala hivyo bweni zima.

Njiapanda
BWENI! Mnasikia? Bweni na baba mkwe! Ulilala bwenini na aliyemzaa mkeo wewe?

Pweza Mkavu
Mleta uzi una bahati una kitanda. Mimi Osaka, mtaa wa Namba, nilipewa kapsuli, kijisanduku cha kulala mtu mmoja. Unaingia kwa kutambaa. Usiku kucha jamaa wa juu anakoroma, wa chini anakohoa, wa kushoto anapekua mfuko wa nailoni. Halafu kila asubuhi wanakutoa na virago vyako vyote, hata kama umelipia wiki, mpaka jioni ndiyo unaingia tena. Nimetembea Dotonbori nzima na begi la magurudumu kama muuza maji.

Chumvi Kidogo
Afadhali Osaka kuna watu wanacheka. Deira je? Nimefuata nguo Dubai, hoteli ina lifti moja, wageni ghorofa nane, na kila mgeni ana marobota. Nimesubiri lifti mpaka dukani wamefunga. Nilibeba robota mgongoni ngazi zote zile, mimi mama wa watoto wanne.

Njiapanda
Wakuu turudi kwenye mada. Mke wangu amepiga. MZEE KASHAMPIGIA MAMA MKWE. Mama mkwe kapiga kwa dada yake. Mke wangu ananiuliza "baba anasema mlitaka kulalaje?" Nimemwambia siyo mimi, ni yule wa kofia. Anasema "baba hajataja kofia".

Bi Mkora
HAHAHAHA baba hajataja kofia. Nimefungiwa nje na mume wangu kwa kicheko.

Mama Ntilie wa Saitama
Mpeleke mzee kwenye mgahawa unaofungua usiku kucha, hapo Shinjuku ipo mingi, apate supu ya moto. Treni zinaanza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Msikae hapo mapokezi.

Njiapanda
Nilimwambia baba twende tukale. Kasema hana njaa. Nikamwambia baba kuna choo chenye maji ya moto, ukajimwagie uso. Kaenda. Kabonyeza kitufe sicho. Sitaki kuulizwa zaidi.

Pweza Mkavu
Kile choo! Mimi kilinipiga maji mpaka kwenye kioo. Vitufe kumi na tano, vyote Kijapani, na ukibonyeza kile chenye noti ya muziki kinaimba mto unatiririka. Nani aliomba mto?

Kitasa
Noti ya muziki ni ili jirani asisikie shughuli yako. Wastaarabu wale.

Chumvi Kidogo
Tungepata kile kitufe gesti za Kariakoo tungeshukuru. Mimi nilipo Mtaa wa Congo ukuta ni wa mbao laini, jirani akigeuka kitandani unamwambia samahani.

Mzigo wa Bandari
Gesti za Kariakoo usiguse. Kuna moja, mnaijua, kunguni wake wamepanga kabla yako na wana risiti.

Kipusa Eldoret
Kwetu Nairobi pale River Road ni mambo hayohayo, na asubuhi saa nne kamili wanagonga mlango na nyundo. Lakini mimi nilikuja kwa jambo lingine. Mko mnadani Noda, nisaidieni: gari za Probox zinaendaje huko sasa? Sisi Kenya gari likishapita miaka minane haliingii, kwa hivyo zile za bei rahisi hatuwezi kuchukua.

Njiapanda
Dada Kipusa, mimi nipo kwenye maumivu ya mkwe, wewe unaniuliza Probox?

Dalali Mstaafu
Kipusa, Probox msipoangalia mtauziwa iliyobeba simenti. Soma karatasi ya ukaguzi ya mnada. Daraja la 4 au 3.5 ni sawa kwa kazi. Ukiona herufi R, limegongwa likarekebishwa. Angalia kutu ya chini, hasa magari ya Hokkaido, kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji.

Kipusa Eldoret
Asante sana mzee. Na ya petroli ama haibridi?

Pweza Mkavu
Haibridi betri ikifa utalia. Mimi nilichukua Aqua, nikalia.

Kitasa
Aqua gari la kuendea saluni. Chukueni IST.

Chumvi Kidogo
IST ushuru wa uchakavu wa TRA utaufanya ulipie gari mbili. Nyingi zimeshapita miaka kumi hizo. Nilikokotoa kwenye kikokotoo chao nikafunga simu.

Dalali Mstaafu
Ndiyo maana nasema gari la biashara linaangaliwa kodi kwanza, rangi baadaye. Njiapanda, mzee wako anataka gari gani?

Njiapanda
Anataka Noah. Ila sasa anasema hataki tena gari, anataka kurudi Moshi. Kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya MZUNGU WA NNE.

Dalali Mstaafu
Noah ya mwaka gani?

Kipusa Eldoret
Noah ama Voxy? Voxy ni ileile, sura tu.

Mzigo wa Bandari
Siyo ileile. Voxy taa zake ghali. Shemeji yangu kavunja moja Ubungo, mpaka leo anatembelea jicho moja.

Kitasa
Dalali, Noah ya viti saba au nane? Nina mteja Arusha anataka ya nane.

Dalali Mstaafu
Viti nane ipo, Alhamisi inapigwa mnada. Njoo PM.