MJADALA: Katuni za zamani za Tom na Jerry zikatwe, au zioneshwe zilivyo?

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Wapo wanaotaka katuni hizi zisafishwe kabla watoto hawajaziona: vipigo vipunguzwe, vipande vyenye ubaguzi viondolewe. Mimi nakataa, ingawa hoja yao moja inanisumbua.

Chukueni "Dog Trouble" ya 1942, ambamo lile bulldog, Spike, linatokea kwa mara ya kwanza. Huyu bado si yule baba wa baadaye anayemlea mwanawe kwa upendo. Ni meno matupu. Linamkimbiza Tom, linamkimbiza Jerry, hadi paka na panya wanaamua kushirikiana wasije wakaliwa wote. Jerry anazungusha uzi wa kufumia sebule nzima, mbwa anavamia, vyombo vinamporomokea. Ukikata vipigo hapo unabaki na nini? Picha ya sofa.

Sasa hiyo hoja inayonisumbua. Mwenye sauti ndani ya nyumba ile ni mwanamke mweusi, mfanyakazi wa ndani, ambaye kwenye katuni hizi tunamwona miguu, aproni na ufagio, uso karibu hatuoneshwi kabisa. NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi Marekani, walimlalamikia, na walikuwa na haki. Lakini tazameni alivyoondolewa. Miaka ya 1960, ili katuni zirushwe kwenye televisheni, MGM, studio iliyozitengeneza, walimchora upya kwenye baadhi ya filamu akawa mwanamke mweupe, na sauti mpya ikatolewa na mwigizaji June Foray. Aliyeitoa sauti ya awali ni Lillian Randolph, mwigizaji mweusi. Studio imejisafisha, na yeye kazi yake ndiyo iliyotupwa. Hapo nani amefidiwa?

Halafu mkasi wenyewe hauna kanuni. Mwaka 2006 kule Uingereza mtazamaji alipeleka malalamiko Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji huko, kuhusu uvutaji sigara kwenye "Texas Tom" na "Tennis Chumps", na wenye chaneli iliyozionesha, Turner, wakakubali kuhariri. Tom kulipuliwa na kubondwa nyundo? Hayo hayakuwa kwenye malalamiko.

Kampuni ya Warner walipotoa DVD za katuni hizi Marekani walifanya jambo la maana zaidi: walimweka mwigizaji mweusi Whoopi Goldberg mwanzoni aeleze kwamba picha hizi ni za kibaguzi, zilikuwa makosa enzi zile na ni makosa leo, ila kuzificha ni kujifanya ubaguzi huo haukuwahi kuwepo. Mimi niko hapo.

Najua nitaambiwa mtoto wa miaka minne haelewi onyo. Sawa, basi huyo awekewe nyingine. Za Hanna na Barbera, waliowabuni Tom na Jerry, peke yao, za 1940 hadi 1958, ni 114, na huyo mama hayupo kwenye nyingi. Kumchagulia mtoto ni kazi ya mzazi. Anayetaka filamu yenyewe ikatwe, kwa watu wote, aje atuambie: mkasi ashike nani, na nakala nzima itunzwe wapi?