Mtu akirekodi sauti za mtaani kwetu akaziita sanaa, sisi wenye sauti tuna chetu hapo?

KijiweBuguruni: Wakuu habari za jioni, nina jambo naomba tulijadili bila matusi. Kuna hawa wasanii wa sauti, hawaimbi wala hawapigi gitaa, wanatembea na kinasa sauti wananasa konda anavyogonga bati, fundi cherehani anayepita na mkasi wake unalia che che che, muuza pipi na sigara anavyochezesha sarafu mkononi, mtu anavyohema akipanda ngazi na gunia. Baadae wanazipanga zinapigwa ukumbini watu wamekaa gizani kimya. Mi naipenda sana hii kazi. Ila juzi kaja kijana kijiweni na maiki yenye manyoya, kamrekodi mzee wetu wa kahawa anavyogonganisha vikombe na anavyosimulia habari za Dar ya zamani, karibu saa nzima, kaondoka hata jina hakumuuliza. Ikichezwa Ulaya watu wakalipa kiingilio, mzee ana haki gani?

mtoto_wa_ilala: Haki ya nini sasa mkuu? Sauti ya vikombe haina mwenyewe. John Cage, yule mtunzi wa muziki, mwaka 1952 kule Woodstock, Marekani, alimkalisha mpiga piano dakika 4 na sekunde 33 bila kugusa hata kibao kimoja, muziki ukawa ni upepo wa nje, mvua juu ya paa na watu wanaonung'unika wakitoka zao. Mbona walionung'unika hawakwenda kudai mgao?

DadaWaTanga: Kaka hao walikuwa wamekaa humo humo ukumbini wakajua wamekuja kufanya nini, na hakuna aliyesimulia maisha yake. Usichanganye kelele za vikombe na stori ya mzee. Na mbona mnakimbilia Woodstock wakati jambo liko hapa jirani, KMRU, yaani Joseph Kamaru, msanii wa sauti wa Nairobi, mwaka 2022 alitoa albamu ya Temporary Stored, kaitengeneza kwa sauti za Afrika zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Yaani sauti zetu ziko kabatini kwa watu, Mwafrika anakwenda kuziomba kwao. Na kabla yake Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akinasa muziki, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis Kenya mwaka 1950, ule wimbo wa Chemirocha ukasikika dunia nzima, na kanda zimekuja kurudishwa kijijini baada ya miaka zaidi ya 60. Sitini! Wengine walishakufa bila kujisikia.

mtoto_wa_ilala: Huyo Kamaru si yule mzee wa nyimbo za Kikuyu? Alishafariki.

DadaWaTanga: Aliyefariki 2018 ni babu yake, wamerithishana jina. Mjukuu ndo KMRU. Jibu hoja.

mtoto_wa_ilala: Hoja nimejibu. Nyie mnaipa uzito kitu ambacho ni cha watu walioshiba, kukaa gizani kusikiliza friji inaunguruma. Halafu ni sanaa ya ubaguzi, kiziwi anafanya nini humo ndani, anaangalia ukuta?

MamaZuu: Nilikuwa nasoma kimya kimya lakini hilo la kiziwi limeniuma na silipitishi. Mwanangu wa pili hasikii tangu kuzaliwa. Harusi ya mdogo wangu walifunga spika pale uwanjani, singeli usiku kucha, yule mtoto kaweka kiganja kwenye boksi la spika na kidevu juu yake, kila DJ akibadilisha ngoma yeye ndo wa kwanza kugeuka kunitazama. Anasikia kwa mifupa. Evelyn Glennie wa Scotland amepoteza usikivu akiwa mtoto, na ni mpiga ngoma anayejulikana dunia nzima, anapiga miguu mitupu ili sakafu imwambie. Christine Sun Kim kazaliwa kiziwi, kazi yake ndo hiyo hiyo sanaa ya sauti, kazi zake zimeshaoneshwa MoMA, makumbusho ya sanaa ya New York. Sasa wewe mwenye masikio mawili unatuambia mwanangu anaangalia ukuta?

Mpemba_halisi: Dada pole, lakini na wewe mtoto unampeleka kwenye kigodoro usiku kucha?

MamaZuu: NIMESEMA HARUSI. Ya mdogo wangu. Soma vizuri kaka.

Mpemba_halisi: Singeli usiku kucha spika uwanjani, hicho ni kigodoro hata mkikiita harusi. Sisi wengine tuna wagonjwa ndani, tuna watoto wa shule, dirisha linatetemeka mpaka alfajiri halafu kesho tunaambiwa ni utamaduni.

FundiSpika: Nimefunga spika miaka yote hii, niseme kidogo. MamaZuu yuko sahihi, besi ya chini haipokelewi na sikio peke yake, inakugonga kifuani na kwenye nyayo, ndo maana boksi la besi naliweka chini kabisa ligusane na ardhi. Na Mpemba yuko sahihi, hiyo hiyo besi haizuiliki na ukuta, unafunga dirisha sauti kali inapungua, besi inabaki inatembea. Ila mtoto asiegemee boksi muda mrefu, kama kuna usikivu kidogo umebaki unaweza kuisha. Halafu huyo Cage aliyetajwa, aliingia chumba kimoja Harvard kilichozibwa kisirudishe hata mwangwi, akategemea kimya akakuta sauti mbili, nyembamba na nzito, akaambiwa nyembamba ni neva zake na nzito ni damu inazunguka. Mi nikiingia kwenye kibanda cha kurekodia nikafunga mlango nasikia koo langu likimeza mate. Mwili haunyamazi, hata wa asiyesikia.

mtoto_wa_ilala: Fundi umeongea vizuri, lakini sikusema viziwi hawana mwili. Nilisema ukumbi. Mnanilisha maneno.

MamaZuu: Ulisema anaangalia ukuta. Imeandikwa hapo juu.

Mpemba_halisi: Na hizo singeli za Manzese na Tandale mnazosifia zimetoka kwenye vigodoro hivyo hivyo, leo zinapigwa Ulaya kwenye matamasha. Anayekosa usingizi yuko huku, wanaoshangilia wako kule.

DadaWaTanga: Hilo la Mpemba ndo swali la mwenye uzi, mmelizunguka mpaka mmelikuta. Anayebeba mzigo yuko huku, jina na kiingilio viko kule. Mi nasema mzee wa kahawa aulizwe kabla, jina lake liandikwe pale ukutani kama la msanii, na kazi ikiisha ichezwe kijiweni kwanza kabla ya kupanda ndege. Hela kama ipo igawanywe. Kugonga vile vikombe mpaka mtu wa mtaa wa tatu akajua kahawa imefika ni ufundi, kaupata kwa miaka, na stori ni zake.

mtoto_wa_ilala: Kwa hiyo nikipita Kariakoo na simu narekodi video nianze kuomba ruhusa kwa watu wote sokoni?

DadaWaTanga: Kariakoo hujamketisha mtu saa nzima akakusimulia maisha yake.

KijiweBuguruni: Wakuu nimewasoma wote. Namba ya yule kijana ipo kwa muuza vocha, kesho nampigia. Nilipomwambia mzee habari za hela hakujali sana, alichouliza ni kama ile sehemu aliyomtaja marehemu mkewe itachezwa mbele ya watu asiowajua. Sikuwa na la kumjibu.

MamaZuu: Hiyo aitoe. Mpigie leo usisubiri kesho.

Mpemba_halisi: Na mimi bado sijajibiwa la madirisha.