Kaunta ya jiko: graniti, kwatzi au terazo kwa nyumba tunayokusudia kukaa muda mrefu?

Mama Kigamboni:

Habari zenu, ndugu wadau wa ujenzi. Nyumba yetu imekwisha kupigwa plasta na makabati ya jiko yanatengenezwa kwa mbao za mninga, lakini mimi na mume wangu hatujaafikiana kuhusu uso wa kaunta. Yeye anataka graniti nyeusi inayong'aa, kama ile iliyozoeleka katika nyumba nyingi za Dar es Salaam. Mimi, kila nikipitia picha za majiko mtandaoni, naona nyeusi imeachwa: ilikuja kwatzi nyeupe yenye mishipa ya kijivu, na sasa hata hiyo inasemekana imepitwa na wakati, watu wanataka rangi za mchanga, mishipa ya kahawia na uso usiong'aa. Fundi wetu naye ametaja terazo, yaani vipande vidogo vya mawe vilivyochanganywa na saruji kisha vikasuguliwa. Kwetu hupikwa kila siku, nazi na samaki, maandazi ya asubuhi na pilau za wageni, na ndimu na ukwaju havikosekani. Tunataka kitu ambacho hatutakibadilisha kwa miaka 20. Naombeni ushauri wa mtu anayezifahamu bidhaa hizi kwa kuzifunga au kuzitumia.

Fundi Mawe:

Shikamoo Mama. Kazi yangu ni kukata na kufunga mawe, na kwa mapishi uliyoyataja ningeanza na moto na ndimu kabla ya rangi.

Kwatzi inayouzwa madukani si jiwe lililochongwa mlimani. Ni chembe za kwatzi, takriban asilimia 90 ya uzito, zilizoshindiliwa pamoja na rezini, yaani gundi ya plastiki inayoganda, kwa teknolojia iliyoenezwa na kampuni ya Breton ya Italia. Sifa yake kubwa ni kwamba hainywi maji wala mafuta, hivyo haihitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, na binzari ikimwagika hufutika kwa urahisi ukiiwahi. Udhaifu wake umo katika hiyo rezini, ambayo huanza kuharibika kwenye joto la nyuzi 150 hivi, wakati mafuta ya kukaangia maandazi hufika karibu nyuzi 180. Karai ikitoka motoni na kuwekwa moja kwa moja juu yake huweza kuacha doa la manjano au ufa, na doa hilo halisuguliki likatoka. Jua nalo huibadilisha rangi, kwa hiyo usiifunge kwenye jiko la nje wala kwenye kaunta inayopigwa na jua la dirishani mchana kutwa.

Marumaru asilia ninakushauri uiache kabisa. Ni kalisi kaboneti, na ndimu huila: pale tone lilipotua, mng'ao hupotea, na hapo hakuna sabuni itakayosaidia kwa sababu jiwe lenyewe limelika.

Graniti hustahimili karai la moto na kisu, lakini msidhani kwamba zote ni sawa. Mkifika kwa muuzaji, mwageni maji kidogo juu ya bamba na msubiri dakika 10 au 15. Sehemu ile ikigeuka kuwa nyeusi zaidi, jiwe linakunywa na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo mara kwa mara. Mara nyingi zile za rangi nyepesi hunywa zaidi. Ulizeni pia unene: bamba la milimita 20 linafaa juu ya makabati yaliyonyooka, ila sehemu ya kulia chakula inayochomoza kupita sentimita 25 ni lazima iwekewe mabano, hata bamba likiwa la milimita 30.

Mchora Ramani:

Fundi amesema kweli tupu. Niongeze tu upande wa mitindo, kwa kuwa ndiyo inayowagombanisha. Picha za mtandaoni hupigwa katika majiko ambayo hayajapikiwa bado. Uso usiong'aa, hasa ukiwa mweusi, huonyesha kila alama ya kidole chenye mafuta. Mweusi unaong'aa nao huonyesha chumvi, na kama maji yenu ni ya kisima, mtafuta michirizi ya chumvi kila jioni. Kwa hiyo rangi ya katikati yenye madoadoa inafaa zaidi kwenu kuliko nyeupe na nyeusi zote mbili. Isitoshe mninga una wekundu wa kahawia, na jiwe lenye mishipa ya kijivu baridi litapingana nao, ilhali graniti ya rangi ya mchanga au kahawia itakubaliana nao vizuri. Hamu ya mtindo mpya itimizeni kwenye rangi ya ukuta, taa na vishikio vya makabati, vitu mnavyoweza kuvibadilisha bila kuvunja kitu.

Mjukuu wa Tanga:

Terazo msiidharau. Shule na hospitali nyingi za zamani zina sakafu zake hadi leo, na ikichakaa husuguliwa upya. Ila saruji yake pia huathiriwa na ndimu, kwa hiyo sehemu ya kukatia samaki isiwe juu yake.

Mkaguzi wa Usalama Kazini:

Naomba jambo moja lisisahaulike. Vumbi la kwatzi ya kiwandani lina silika (madini yanayounda kwatzi) nyingi kuliko la graniti, nalo husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Australia ilipiga marufuku mabamba hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu hiyo hiyo. Hata mkichagua graniti, msikubali ikatwe kavu barazani kwenu huku watoto wakipita. Ikatwe kwa maji, na vijana wa fundi wavae barakoa za kuchuja vumbi. Gharama hiyo ni haki kuilipa.

Mama Kigamboni:

Nawashukuru sana. Mume wangu amesoma yote, na tumekubaliana graniti ya kahawia. Fundi, kaunta yetu ina umbo la L. Kiungo kiwekwe wapi?

Fundi Mawe:

Kiungo kikae kwenye kona au juu ya ubao wa kati wa kabati, kamwe kisipite kwenye sinki, kwa maana hapo jiwe limebaki jembamba na maji hayakauki. Vipimo vichukuliwe makabati yakishafungwa na kusawazishwa, na mabamba mawili yatoke katika jiwe moja ili madoadoa yafanane.