Mteja anaiita mvua yangu "nywele": naomba ushauri wa kuhariri picha

MpigaPicha_Kireka
Habari za jioni wakuu. Niko Kampala, napiga picha za harusi na matangazo madogo madogo. Kuna duka la Kikuubo, mtaa wa biashara hapa mjini, linauza makoti ya mvua na buti za mpira, wanataka bango libandikwe kabla mvua za Machi hazijaanza. Sasa ni Januari, jua linachoma. Nilimpiga kijana wa boda amevaa koti la njano, saa sita mchana, kwenye barabara ya udongo mwekundu upande wa Mukono, shata 1/500 (yaani kamera ilifunguka kwa sehemu moja tu ya 500 ya sekunde).

Nyumbani nina Photoshop. Nimetengeneza mvua ya bandia kama wanavyofundisha kwenye video: leya (tabaka) nyeusi juu ya picha, chengachenga za Add Noise, halafu Motion Blur ya kuzivuta ziwe mistari, halafu Screen ya kuondoa weusi. Mistari imetokea. Nikampelekea mteja, akauliza, "Hizi nywele ni za nini?" Nirekebishe wapi? Tafadhali msinielekeze kwenye programu za simu za kubonyeza mara moja, nimeshaziona zote.

Fundi_wa_Nasser
Ssebo, iache hiyo mistari kwanza. Umesema saa sita mchana, kwa hiyo chini ya pikipiki kuna kivuli cheusi chenye ukingo mkali, na kofia ngumu ya kijana inang'aa nukta moja ya jua. Hapo hata uweke mvua ya gharika, jicho litakataa. Mawingu yakifunga, mwanga huja kutoka angani kote, kivuli kinabaki doa hafifu tu pale tairi inapogusa ardhi.

Una bahati, sisi tuko karibu na ikweta, kivuli cha mchana ni kifupi. Kifute kwa stempu ya kunakili (Clone Stamp), nakili udongo wa pembeni. Kisha shusha mwanga wa picha nzima, punguza unjano, vuta rangi kidogo upande wa bluu. Anga kama ni la bluu libadilishe, tafuta picha yako mwenyewe ya anga la mawingu.

Ukimaliza hayo, zima leya ya mvua uitazame picha. Kama bado haionyeshi siku ya mvua, usiiwashe.

Mama_Picha_Mbale
Naunga mkono, na naongeza ardhi. Udongo mwekundu ukilowa haupauki, unakolea: maji yanajaa kati ya chembe, mwanga unaingia ndani na mwingi haurudi. Kwa hiyo chukua Curves, kile kifaa cha kurekebisha mwanga na giza, tia giza barabarani peke yake kwa maski (kinga ya kuziba sehemu nyingine), ongeza ukolezi wa wekundu kidogo. Halafu madimbwi. Nakili pikipiki, igeuze juu chini, iweke chini ya tairi, ipige Motion Blur ya wima, uififishe, na iache ionekane kwenye mabonde ya barabara tu. Barabara yetu si kioo, usiifanye ing'ae kote.

Na taa ya mbele uiwashe! Nani anaendesha boda kwenye mvua kubwa taa ikiwa imezimwa? (Najua, wapo wengi. Lakini kwenye bango iwashe.) Mng'ao mdogo wa njano na uakisi wake barabarani utafanya kazi kubwa kuliko mistari elfu.

Lenzi50
Tuje kwenye mistari yenyewe. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/60 linachora mstari wa kama sentimita 15. Kwa 1/500 yako ni chini ya sentimita 2. Bila shaka wewe umeweka michirizi mirefu kuliko mkono wa kijana, halafu kwa shata hiyo tairi zimeganda kabisa. Ndiyo maana mteja ameona nywele.

Fundi_wa_Nasser
Lenzi50 hesabu yako sawa, ila mteja wa Kikuubo hapimi kwa rula. Mvua ya sentimita 2 ukiitazama kwa mbali bangoni itakuwa vumbi. Mimi ningezungusha tairi kwa filta ya kuzungusha, ionekane shata ilikuwa ya polepole, ndipo michirizi irefuke kwa haki.

Lenzi50
Hilo nakubali. Lakini asitumie leya moja. Ziwe tatu: ya mbali michirizi mifupi, myembamba, mingi, ya kati, ya mbele michache, minene, iliyotoka nje ya fokasi. Kwenye picha ya megapikseli nyingi chengachenga huwa ndogo mno, kwa hiyo leya ya mbele ikuze hata mara 4 kabla ya Motion Blur. Mwelekeo uwe mmoja, upishane nyuzi (digrii) chache tu. Kisha ifute mvua mbele ya anga jeupe. Mvua huonekana mbele ya kitu cheusi, kama miti au ghala nyuma, mbele ya weupe haionekani.

Kijana_wa_Kabale
Msisahau ukungu. Huku kwetu Bunyonyi asubuhi tunaona wazi: kilima cha karibu kijani, cha pili kijivu, cha tatu kimepotea. Mvua nzito nayo inafanya hivyo. Chukua rangi ya anga pale linapokutana na ardhi, ipake kwenye leya mpya kwa gradienti (rangi inayofifia polepole), nyingi nyuma, kidogo mbele. Nyeusi ya mbali isibaki nyeusi.

Bibi_Harusi_Jinja
Samahani naingilia, wangu anataka theluji ya Rwenzori nyuma ya bwana harusi, picha tumepiga bustanini. Inawezekana?

Mama_Picha_Mbale
Inawezekana, ila dada, theluji ile iko juu kabisa, kilele cha Margherita ni mita 5,109. Weka mlima mbali na ukungu mbele yake. Usimwagie bwana harusi theluji kichwani na shati la mikono mifupi. Fungua uzi wako tukusaidie.

MpigaPicha_Kireka
Asanteni sana. Nimefuta kivuli na kutia giza barabara, tayari ni picha nyingine. Swali: kuna njia ya kupata mvua halisi badala ya chengachenga?

Lenzi50
Ipo, na ni bora. Usiku, tundika shuka jeusi nyuma, weka tochi kali ubavuni, toboa chupa ya maji matundu madogo, mwenzako aishike juu. Fokasi ya mkono, shata 1/60. Ukiiweka juu ya picha kwa Screen, weusi wote unatoweka, matone yanabaki. Hata GIMP inafanya hivyo hivyo, na ni ya bure.

Fundi_wa_Nasser
Kabla ya kulipia bango zima, kata kipande chenye uso na mvua, kichapishe kwenye A4 kwa ukubwa ule ule wa bango. Mashine nyingi hapa Nasser Road hutia giza, na michirizi ya nywele moja moja humezwa. Ikimezwa, ongeza unene wa leya ya kati, usiongeze weupe. Na lile koti la njano lipe nukta chache za kung'aa mabegani, maana sasa hivi ndilo kitu pekee kikavu kwenye picha, na ndilo linalouzwa.