Naombeni msaada: "presión" na "tensión" za Kihispania zinanichanganya

NipoMadrid: Habari wakuu. Kazi yangu ni kulea wazee majumbani huku Madrid. Bibi niliye naye ana presha. Yeye husema "tensión", mwenzangu wa zamu ya usiku, Mkolombia, husema "presión". Mwanaye bibi hupiga simu kila jioni kuuliza hali. Nishike lipi?

Mkalimani_Mstaafu: Dada, ukiwa Hispania shika "tensión". "Le ha subido la tensión", presha yake imepanda. Ikishuka, "le ha bajado". Kupima ni "tomar la tensión". Mkolombia wako hajakosea. Kwao na sehemu nyingi za Amerika ya Kusini wanapima "la presión". Kwenye karatasi za hospitali utakuta pia "presión arterial", na pande zote mbili wanaielewa.

Usichukue "ana presha" ukaigeuza "tiene presión". Mwanaye bibi atadhani mama yake kuna watu wanambana. Sisi presha tumeifanya jina la ugonjwa. Wao watasema "tiene la tensión alta" au "es hipertensa".

NesiWaTanga: Naongezea namba, maana hapo ndipo wengi hukwama. Huko mtaani hawasemi 120 kwa 80, wanasema "doce ocho". Bibi akisema "dieciséis diez", hiyo ni 160 kwa 100, mjulishe mwanaye na kituo cha afya. Kifua kikibana au mdomo ukipinda, usimsubiri mtu, piga 112.

Kipa_Namba1: Mimi Kihispania changu ni cha mpira tu 😂 Mtangazaji akisema "presión alta" hakuna mgonjwa hapo, timu inakaba kuanzia golini kwa mpinzani.

Mkalimani_Mstaafu: Kweli. Magazetini kuna "presión fiscal", mzigo wa kodi, na "grupo de presión", kundi linalosukuma serikali ifuate matakwa yake. Jikoni, "olla a presión", sufuria ya presha. Na wingi wake ni "presiones", ile alama juu ya o inaondoka.

NipoMadrid: Asanteni sana. Sasa kule chini ya jengo kuna mlango umeandikwa "alta tensión". Ndiyo zahanati?

NesiWaTanga: Dada, huo ni umeme! Usiguse!