Nyumba ya mama Kipini: tuinue sakafu au tufanyeje?

Binti wa Kipini, Umoja
Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Nairobi, mama yuko kwetu Kipini na hataki kuhama. Kila bamvua, bahari inapojaa zaidi, maji yanaingia hadi ukumbini, na chumvi imeshaanza kula kuta. Fundi anataka tumwage kifusi ndani, tupige sakafu mpya juu ya ile ya zamani. Nasikia kuna watu Indonesia ardhi yao inadidimia na bado wanaishi humo. Wao hufanyaje?

Baharia Mstaafu, Kariobangi
Binti yangu, usitume pesa bado. Meli yetu ilikuwa ikishusha shehena Semarang, kaskazini mwa kisiwa cha Java, hukohuko Indonesia. Jirani na hapo, Demak, kuna kijiji kiitwacho Timbulsloko. Watu walijaza udongo ndani, wakainua sakafu. Maji yakaifikia tena, wakainua tena. Kuta hazikui! Mwishowe mtu mzima anaingia kwake ameinama. Na kifusi ni mzigo, kinazidi kukandamiza tope lililo chini. Wengi waliishia kutandika mbao juu ya nguzo, maji yapite chini, na njia kati ya nyumba wakazijenga za mbao vilevile. Mbao unaweza kuzipandisha tena. Zege huwezi. Na mikoko iliyo mbele ya nyumba msiiguse: kule Demak waliifyeka wakachimba mabwawa ya kufugia kamba, bahari ikaingia moja kwa moja.

Mhandisi, South B
Naungana na mzee, ila dada, ardhi kushuka na bahari kula ufuo ni mambo mawili. Pwani hiyo ya Java inashuka hasa kwa sababu visima virefu vinafyonza maji chini ya udongo laini. Tokyo nayo ilikuwa hivyo: sehemu za mtaa wake wa Koto zilishuka zaidi ya mita 4, mpaka uvutaji maji ulipodhibitiwa. Kipini, mdomoni mwa Tana, bahari inamega ukingo. Nguzo hazifai kitu ikiwa ardhi yenyewe itabebwa. Ukingo uko umbali gani na mlango wa mama?

Binti wa Kipini
Asanteni sana. Kifusi nimekisimamisha. Mjomba ana kiwanja nyuma, kimeinuka. Nitamsihi mama tujenge huko, kwa nguzo. Mzee, mbao gani zitahimili chumvi?

Baharia Mstaafu
Mvule, ukiweza. La sivyo boriti za mkoko, ununue kwa mwenye kibali. Misumari iwe iliyopakwa zinki.