Mrejesho: Kukadiria kalori za chakula cha mgahawani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kukadiria kalori za chakula cha mgahawani pale menyu isiposema kitu. Mkanishauri nianze kupima nyumbani kwa mizani mpaka macho yazoee. Nimefanya hivyo wiki tatu.

Wali sasa naupatia: kikombe kimoja uliokwisha kupikwa ni kama kalori 200. Kidari cha kuku bila ngozi, gramu 100, kama 165. Kilichokuwa kinanipiga chenga ni mafuta. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi, na mpishi hapimi, anamimina tu! Juzi nilipomaliza mboga nikainamisha sahani. Mafuta yakajikusanya pembeni, kama kijiko kizima. Na hayo ni yaliyobaki, niliyokula Mungu ndiye ajuaye. Mimi huyu mboga nilikuwa naiandikia kalori 50!

Siku hizi nakisia, kisha naongeza robo juu. Mchuzi mzito naomba uletwe kwenye bakuli la pembeni. Yule aliyesema niende na mizani mgahawani, samahani mkuu, hapo nimeshindwa. Aibu. Uzito umeanza kushuka, ila taratibu.